Maji ya Vuguvugu ya Bathdei Yako

Brathe Kim,

Leo sikaliki. Naenda dirishani, narudi, nafagia chumba ambacho nimeshakifagia.

Mama alirudi kutoka shuleni, na kabla hata hajavua viatu akasema serikali imeongeza umri. Sisi watoto wa walimu tutaendelea kutibiwa kwa bima ya mzazi hata tukishakuwa watu wazima, kwa miaka kadhaa zaidi. Habari njema hiyo, lakini aliisema kwa sauti ya matanga. Nilijua anakuwaza wewe. Mimi nilishikwa na hasira, brathe. Nikatoka, nikauzunguka mtaa wetu wote wa Tena. Ilikuwa wapi hiyo habari wakati wako?

Unaikumbuka bathdei yako ya mwisho? Vijana wa ploti walikuja na ndoo zao kukumwagia maji, Mama akawazuia mlangoni hadi sufuria ipate moto, maana baridi huuamsha huu ugonjwa wa selimundu tuliozaliwa nao. Ukamwagiwa maji ya vuguvugu, ukawaambia, "Haya ni maji ya wadosi, matajiri wenyewe." Tulicheka sana. Hakuna aliyejua kwamba siku hiyohiyo umri wa bima ulikuwa umekupita. Wewe ulijua. Ndiyo maana mifupa ilipoanza kukuuma baadaye ulijifungia chumbani, ukasema ni uchovu wa mpira. Hukutaka Mama ahangaike na bili. Tulipokufikisha hospitali, daktari hakuwa na la kufanya.

Ulidhani unatuhurumia. Aki hukutuhurumia, Kim.

Sasa Mama anataka kesho twende tukaandikishe jina langu liendelee kwenye bima yake. Nilikataa. Niliona kama nakula chakula kilichokuwa chako, na wewe uliondoka na njaa. Nilimwambia hivyo, tena kwa ukali. Aliendelea kuchambua mboga ya sukuma, kisha akasema, "Shiru, nimezika mmoja."

Basi kesho naenda, ingawa bado nimekasirika.

Bathdei yangu imekaribia, na vijana wa ploti wameshaanza kuniangalia wakichekacheka. Waje tu, sufuria ya Mama itakuwa mekoni.

Lala, brathe. Mimi goti likiniuma, hata kidogo, sitajifungia. Nitapiga nduru hadi ploti nzima isikie.

Dadako,
Shiru