Nyumba ya Kaka Iko Upande wa Kibla

Mama,

Salamu ndefu nimeziacha, maana ulinijua: nikianza kwa kuulizia kila mtu, ujue nimeficha jambo. Jambo lenyewe ni hili. Tangu tukuzike, kaka Odhiambo anasema mimi ni mchawi, na anataka nitoke katika nyumba yako.

Nyumba hii imenifikia kwa desturi. Kitinda mimba ndiye hubaki kwa mama. Hilo yeye na ukoo hawalipingi. Wanachopinga ni swala zangu. Unakumbuka niliporudi kutoka Karungu, nilikokuwa nikitengeneza mashine za boti, nikakwambia nimesilimu na sasa naitwa Idrisa? Ulinitazama, ukaendelea kuchambua mboga. "Mimi nilikuzaa mvua ikinyesha, wewe ni Okoth. Huyo Idrisa naye mkaribishe ale." Kisha ukauliza naswali nikielekea wapi. Nikakuonyesha kaskazini. Ukaangua kicheko: "Si huko ni kwa Odhiambo!"

Tulicheka sote. Leo hakuna anayecheka. Nyumba ya kaka imesimama palepale, na kila alfajiri mdogo wake anatawadha nje kabla hakujakucha, ananong'ona, anakung'uta maji mikononi, halafu anainama kuelekea mlango wake. Nani hapa kwetu Rodi hajui mambo ya jajuok, yule mchawi anayetembelea milango ya watu gizani? Shemeji Atieno aliniona akienda kukamua, akarudi ndani mbio. Wiki hiyohiyo ng'ombe wao akatupa mimba. Basi, kesi ikawa imeiva.

Wakaanza kukumbuka ya nyuma hadi wakafika kwako. "Mama amekufa kwa mikono yako," kaka aliniambia. "Si wewe ndio ulikuwa unamuosha miguu na hayo maji?" Mama, niliumia. Ndiyo, nilikuosha miguu ilipovimba. Wewe mwenyewe ndiye uliyeomba maji ya birika langu kwa sababu yalikuwa vuguvugu. Shahidi wangu ni wewe, na wewe umelala hapo chini ya udongo, kushoto kwa mlango.

Ubaya wa shaka ni kwamba inaambukiza. Shemeji akiniletea ugali na omena namshukuru, halafu nasimama na sahani nikiwaza: kwa nini leo? Kikulacho ki nguoni mwako. Siku moja nilimtupia mbwa kwanza. Alilamba, akatikisa mkia, akakaa akingoja nimwongeze. Niliona aibu, lakini sikula. Dini yangu inanikataza kuwadhania watu mabaya, nami nililala na njaa juu ya dhana.

Jumapili iliyopita baba mdogo aliita kikao cha ukoo hapa uani. Wazee hawakuwa wakali. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi zaidi. Baba mdogo alisema kwa upole kabisa: "Okoth akae tu. Lakini ageuke, aangalie upande wa mto, aombe vile anataka. Kwani Mungu si ako kila mahali?"

Masikioni mwao lilikuwa jambo dogo. Na mimi, nikuambie ukweli, nilitamani kukubali. Ningebaki na nyumba, nikaelewana na ndugu zangu. Lakini nikakukumbuka ukifukuza mbuzi barazani, ukiwakemea wajukuu: "Nyamazeni! Okoth ameanza na Mungu, hakatizwi." Wewe, Msabato wa kufa na kupona, ulinilindia swala ambayo hata hukuiamini. Nikawaambia sitageuka. Kaka akainuka akanielekezea kidole. "Ukiinamia kwangu tena, nitakuja hapo mwenyewe."

Alikuja. Alfajiri ya jana nilikuwa nimerukuu mlango wake ulipofunguka. Kaka ambaye ulishindwa kumwamsha Jumamosi aende kanisani, alikuwa macho kabla ya jogoo! Mkononi alikuwa na rungu. Nikashuka kusujudu. Mama, sijawahi kuogopa hivyo. Paji la uso liko mkekani, kisogo kiko wazi, na nyayo za ndugu yangu nazisikia zikikaribia kwenye nyasi. Mwili wote uliniambia niinue kichwa. Nilibaki chini. Kisogo changu nikamwachia Mungu.

Nilipotoa salamu, alikuwa amechuchumaa kando yangu, rungu juu ya magoti, anatazama kule ninakotazama. Alitazama kwa muda mrefu. "Mimi hapa naona tu mlango yangu," alisema. Nikamwambia macho yangu yanaishia hapo kama yake, ila nia inapita, inakwenda mbali sana. Aliinama kidogo, akafumba jicho moja, akatazama tena kama mtu anayepima ukuta.

Usidhani ameniamini. Alisema atarudi kuchunguza vizuri, na leo amerudi, tena na rungu lake. Sijui anatafuta nini, wala simwamini bado. Tumekaa pale wawili, kila mmoja akimvizia mwenzake kwa pembe ya jicho, mpaka jua likachomoza na kuangaza paa lake.

Pumzika, Mama yangu. Nimekukabidhi kwa Mwenye kurehemu, anayekujua kuliko sisi sote. Nami nakuahidi: sitageuka, na sitainua kichwa kabla ya wakati wake, hata alfajiri ambayo kaka atakuja na asichuchumae.

Mwanao,
Okoth, na huyo Idrisa uliyemkaribisha