Hotuba Kwenye Tovuti ya Mama Solange

Jumatatu, 3 Machi

Tovuti ya nyumba yetu ya wageni tena. Nimeupunguza ukurasa wa kwanza mpaka mistari minne. Vyumba vinne kando ya Ziwa Kivu, sambaza za kukaanga, wale dagaa wa ziwani, bei, namba ya simu. Mtu wa Kigali anasoma akiwa ndani ya basi, kidole kiko tayari kufunga. Anataka kujua atalala wapi na ampigie nani. Basi.

Mama Solange, mwenye nyumba, ameupenda. Ila vyumba vikiwa vitupu hadi Pasaka, anamkodishia nyumba mtu mmoja anayetaka kufungua baa. Mimi na mpishi tutafute kazi pengine.

Jumatano, 5 Machi

Nina hasira. Papa Vedaste, kaka wa marehemu mume wa Mama Solange, amepita "kusaidia" na kuuandika upya ukurasa wangu. Kwanza shukrani kwa Mungu. Halafu viongozi wa wilaya, wa sekta, wa kijiji. Halafu kwaya iliyoimba siku ya ufunguzi. Halafu maisha ya marehemu tangu Goma, na picha yake kubwa katikati ya maua. Namba ya simu iko chini kabisa, baada ya Amina. Itifaki ya harusi, yote ndani ya simu ya mkononi.

Nilipolalamika alinitazama kama mtoto aliyepiga kelele kanisani.

"Mutu anaingia mu nyumba ya watu bila salamu? Ile si adabu."

Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema. Mwenyeji huyu bado anahutubia, mgeni keshalala kwingine.

Jumanne, 11 Machi

Simu imelia, hatimaye. Mama mmoja wa Huye. Hakutaka chumba. Aliona picha na maua, akapiga kutupa pole ya msiba. Akauliza mazishi ni lini.

Marehemu ana miaka kaburini. Nilimshukuru, ningefanya nini? Mpishi alicheka hadi akakaa chini. Mimi sikuona cha kuchekesha. Kazi yangu ndiyo inayozikwa.

Alhamisi, 13 Machi

Nimemwambia Mama Solange habari ya yule mama. Nikasema picha itoke, leo hii. Nilisema kwa ukali na sijutii sana.

Akaniuliza: "Nikimuondosha pale, nani atajua kama ni yeye alijenga?"

Swali hilo limeniudhi kuliko yote.

Ijumaa, 14 Machi

Asubuhi amenipa sentensi moja: nyumba hii mume wangu aliijenga kwa mikono yake, na mimi ndiye nitakayekupokea. Nimeiweka juu kabisa. Chini yake vyumba, sambaza, bei, simu. Hotuba nje. Picha nje.

Papa Vedaste amepiga simu kufoka. Mama Solange amemjibu mwenyewe, kwa heshima zote: hotuba ataitoa wageni wakishafika. Nimefurahi vibaya.

Jumatatu, 31 Machi

Familia ya Musanze imepiga. Wameusoma ukurasa, wanataka kuja Pasaka. Vyumba vitano. Nilikuwa naanza kusema tuna vinne, Mama Solange akaichukua simu na kusema viko vitano. Mtu wa baa ameambiwa hapana.

Jioni nimemkuta chumbani kwake. Amezitoa nguo za marehemu kabatini, amezikunja vizuri kwenye sanduku. Anatandika kitanda chake kwa ajili ya wageni.

Nikashika upande wa pili wa shuka.