Mto Wako Umo Ndani ya Spika

Buseresere, Jumanne

Kwako mke wangu Mama Kulwa,

Mwangaluka. Umeamkaje, na goti lako linasemaje na baridi hii? Yule ng'ombe mwekundu amezaa au bado anatuzungusha? Huku mimi nipo, nakula, natembea, meno yaliyobaki yananitosha. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, sijamwomba mtu. Simu sikupiga makusudi, maana mkwe wetu akiipokea anaiweka sauti ya juu na nusu ya Kagongwa inanisikia. Haya ya leo ni yako peke yako.

Kwanza nikiri. Ile spika kubwa niliyokwambia nimenunua haikuwa spika ya gitaa. Ilikuwa sabufa. Sabufa ya sebuleni, Mama Kulwa, ile watu wanayosikilizia muziki huku wanakunywa chai. Usicheke kabla sijamaliza.

Ilianza hivi. Mazoezi ya bendi tunafanyia kwenye stoo ya mpunga, chumba kidogo, na kile kispika changu cha zamani humo kinatosha kabisa. Nikigusa nyuzi hata magunia yanajua. Lakini tulipokwenda kupiga machimboni Jumapili mchana, uwanja wazi, jenereta linanguruma upande huu, makarasha yanasaga mawe upande ule, besi yangu ikamezwa. Mimi napiga vile ninavyojua, na unajua toka Isaka mpaka huku hakuna mzee wa kunishika, lakini naona watu wanacheza kwa kufuata ngoma tu. Tulipomaliza, Mama Neema, mwimbaji wetu na ndiye mwenye bendi, akaniita pembeni. Ananiheshimu yule, shikamoo haikosi, ila mdomo wake haupaki mafuta.

"Baba," akasema, "besi yako tunaiona kwa macho. Masikioni haifiki."

Akaniambia mwezi unaofuata tunaingia studio Geita, na kama sijapata chombo cha kusikika, besi atapiga mwenye kinanda kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kushoto! Mimi niliyeshika gitaa kabla babake Mama Neema hajaoa.

Nikakumbuka swali lako. Miaka yote wimbo wa bendi yetu ya zamani ukilia redioni ulikuwa unaniuliza, "Wewe ni yupi humo?" Na mimi nakasirika, nakwambia huna masikio. Kumbe hata mimi sijisikii. Nikaapa kwenye wimbo huu wa studio lazima unisikie.

Basi nikaenda Geita dukani. Muuzaji akafungulia sabufa, kikombe cha chai kikatembea mezani. Nikasema hii ndiyo besi yenyewe. Fundi Machibya, anayetengeneza redio hapa sokoni kwetu, alikuwa ameshanionya kwamba sabufa imezoea wimbo uliokwisha kupikwa, gitaa la besi likiingia bichi litaipasua. Nikamjibu nilikuwa napiga besi yeye ananyonya. Siku ya mazoezi, wimbo wa pili, ikawa inanguruma nguuu moja tu, huwezi kujua nimegusa uzi gani, halafu harufu ya kuungua. Mpiga ngoma akauliza nani kaacha maharage jikoni. Mpaka leo wananiita Mzee Maharage.

Nikarudi kwa Machibya kichwa chini. Hakunicheka sana. Akasema besi inataka amplifaya yake, yenye nguvu ya kubakiza, na spika pana ndani ya boksi lililozibwa kila upande. Amplifaya tukaipata kwa kwaya moja iliyonunua mpya. Boksi yeye alitaka la plaiwudi, nikakataa, plaiwudi ni ya dari. La kwangu ni mninga. Kweli linabebwa na watu wanne, na dereva wa toyo, ile pikipiki ya mizigo, akiniona anajifanya hana petroli, lakini hilo nimekwambia wewe tu.

Tulipolichomeka, likawa linaongea kama mtu aliye ndani ya pipa. Machibya akasema lijazwe kitu laini. Akatafuta sponji, siku ile sokoni hakuna. Nikaenda chumbani nikachukua mto wako. Ule ulionishonea siku naondoka kuifuata bendi hii, wa pamba ya shamba letu, uliyoichambua kwa vidole vyako. Nilikaa nao kitandani kitambo. Halafu nikauchana. Nisamehe.

Pamba ilipoingia, mlio ukanyooka, kila uzi ukatoa neno lake. Jumapili iliyofuata makarasha yalisaga na besi ipo. Mama Neema akageuka katikati ya wimbo akanitazama. Nami nikajifanya natazama nyuzi.

Ikafika siku ya studio, nikaenda na boksi langu. Mwenye studio akasema libaki garini, humu gitaa linachomekwa kwa waya moja kwa moja kwenye mashine. Nikakalia boksi mlangoni, nikakataa kuinuka.

"Pamba ya mke wangu haikutoka Kagongwa ije ikae garini," nikamwambia.

Mama Neema akacheka mpaka akashika ukuta, akamwomba aniache. Basi mwenye studio akachomeka waya wake, na akaweka maikrofoni mbele ya boksi langu. Kisha akatusikilizisha sauti zote mbili. Ya waya ilikuwa safi, nakubali. Ya boksi ilikuwa na mwili. Wameziunganisha. Mwenye kinanda mkono wake wa kushoto alitulia nao.

Wasalimie Kulwa na Doto wanangu, na dada yangu Ng'washi, mwambie dawa yake ya kifua nimeimaliza. Shemeji Luhende, aliyenicheka stendi kwamba uzee umenipanda kichwani, mruhusu asikilize, ila akae mlangoni.

Maana wimbo umo kwenye kadi ya memori niliyoifunga kwenye pindo la kitambaa nilichofungia barua hii. Usiusikilize kwenye simu, kwenye simu mimi simo. Machibya ameitengeneza ile sabufa, inakuja na lori la mchele pamoja na barua hii. Kumbe kazi yake ilikuwa hiyo toka mwanzo. Chomeka, kaa chini, nyayo ziguse sakafu. Litaanza gitaa dogo, ataingia Mama Neema. Kitakachokuja chini yao, kikatikisa vikombe vyako kabatini, usimuulize mtu ni nani. Ni mimi, na pamba yako.

Shingo inaniuma, nalalia koti. Nishonee mto mwingine, lakini usimpe dereva. Uje nao mwenyewe.

Mumeo asiyeshikika,
Baba Kulwa wa besi