Tatizo Ni Kwamba Watu Wanapona

Shoga, acha unachofanya usome hii.

Nimejifungia chooni kwenye ile semina ya kutufundisha sisi watafiti kugeuza tiba za uraibu ziwe biashara. Mkufunzi ni yule Bwana Tai niliyekwambia, aliyemaliza asubuhi nzima ya jana akitufundisha kupeana mikono.

Leo nimesimama, nimeeleza tiba yangu ya ulevi. Miezi sita, na wengi wanaacha kabisa. Akaniuliza, "Wateja wako wanarudi?"

Nikamwambia wakirudi ndiyo nimeshindwa.

Akatikisa kichwa kama fundi aliyeona ukuta umepinda. "Basi daktari, tatizo la biashara yako ni kwamba watu wanapona."

Watu wanapona. Tatizo. Na wenzangu, watu wazima na shahada zao, wameinama wanaandika.

Akanipa karatasi yangu ya tathmini. Alama mbili kati ya kumi, shoga. Mbili, kwa kalamu nyekundu.

Sasa sikia. Wakati wa chai kanifuata kwenye ngazi, tai kailegeza, sauti imeshuka. Kaka yake mkubwa anakunywa tangu alfajiri, wamehangaika naye kila mahali.

"Dada yangu, akitibiwa kwako, ni kweli hatarudia?"

Nusu saa tu iliyopita nilikuwa na tatizo, sasa nimekuwa dada yake.

Ulimi uliniwasha, ila mgonjwa hana kosa. Nimemwandikia siku ya kumleta kaka yake, nyuma ya karatasi ile ile ya alama mbili, nikampa. Akifika nyumbani ataigeuza mwenyewe.