Kichwa Kipya cha Gitaa la Ngongo

Ngongo, ndugu yangu,

Gitaa lako liko juu ya meza yangu ya barazani, limelala chali, na kichwa chake nimekikaza kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli kama mguu uliovunjika. Nakuandikia kwa sababu gundi inakauka na sina ruhusa ya kuligusa mpaka ishike. Ungekuwepo ungenicheka. Ungesema Mwalimu anaogopa mbao. Ndiyo, naogopa, lakini si mbao peke yake, na ndiyo maana nataka kukueleza taratibu.

Baada ya mazishi yako mkeo, Mama Feza, aliliweka gitaa chini ya kitanda, limefungwa katika kitenge, na hakuna aliyeligusa. Katika kile chumba chako cha mazoezi sasa wanalala kuku. Usikasirike, mvua iliangusha banda lao. Halafu asubuhi moja binti yako akavuka mto kutoka Alunguli, amelibeba mgongoni kama anabeba mtoto, akaliweka mbele yangu kabla hata sijamaliza kumsalimu.

"Papa Mwalimu, hii kichwa inanipatia haya. Siku ya kumaliza matanga ya baba nitapiga gita yake mbele ya watu. Unitengenezee kichwa ya kweli."

Unamjua Feza. Haombi, anatangaza. Amekuwa mama mzima, anafundisha watoto wadogo, na Jumapili anapiga na wenzake kwa gitaa la kuazima. Matanga yakiisha wamealikwa Lokandu, kisha Kailo, na anataka kwenda na hili lako. Nikamjibu kwamba nitafikiri. Akanitazama kama sisi walimu tunavyomtazama mwanafunzi anayesema ameacha kazi yake nyumbani.

Kilichonizuia unakijua wewe kuliko mtu yeyote, kwa sababu ni wewe uliyekiharibu kichwa hicho, na mimi nilikuwepo.

Ulikuwa wakati ule wa vita, treni haiji tena, mji umezibwa pande zote na chumvi tunaionja kwa ncha ya ulimi. Mama Feza alikuwa na mimba ya huyu Feza. Watu wenye silaha walikuwa wamemchukua yule kijana aliyepiga gitaa la solo katika okestra yenu, yeye na gitaa lake jeupe linalong'aa, wakisema anakwenda kuwachangamsha watu kambini jioni moja tu. Mama yake bado anamngoja mpaka leo. Kesho yake nilikuja kwako, nikakukuta nyuma ya nyumba. Gitaa lilikuwa juu ya gogo la kupasulia kuni, umeshaling'oa nyuzi zote, na wewe unakipiga kichwa chake kwa panga. Uliukata ubavu wa juu, ukaukata wa chini, funguo mbili za kukazia nyuzi zikarukia majanini. Kisha ukaleta rangi nyekundu ya mabehewa, kutoka karakana ya reli ulikokuwa unafanya kazi. Ilikuwa kidogo, ukaiongezea mafuta ya mawese, ukapaka, ukamwagia mchanga juu. Ulipomaliza ukaniambia.

"Kitu kizuri inaita mikono, Mwalimu. Kibaya njo inabakiaka." Yaani kibaya ndicho kinachobaki.

Na walipokuja kweli, yule mkubwa wao aliliinua gitaa, akaligeuza huku na huku, akacheka mpaka akakohoa. "Weye muzee, hii njo gita ao njo mupini ya jembe?" Akalitupa chini, wakaenda zao. Hukuwa hata mzee wakati ule.

Tangu siku hiyo ulikiamini kile kichwa kibaya. Vita vikapita, ukatia nyuzi nne kwenye funguo zilizosalia, ukapiga hivyo miaka yote. Kila nilipokuambia nikutengenezee, ulinijibu, "Vita haijaisha, imekaa tu." Nilidhani ni mzaha wako.

Sasa sidhani. Tangu ulipoondoka, redio inataja miji ya mashariki mmoja baada ya mwingine, na watu wanafika hapa kwa miguu, magodoro kichwani. Malori ya askari yanapita barabara ya uwanja wa ndege, na hatujui kama yanakwenda au yanarudi. Mama Feza ameanza tena kuficha mchele sehemu mbalimbali, kama zamani. Katika wakati wa namna hii binti yako anataka nimtengenezee kitu kizuri akitembeze mtoni mpaka Lokandu. Ngongo, nikilipa gitaa hili sura, halafu likaita mikono, wakamchukua kama walivyomchukua yule kijana, nitakuja kukuambia nini huko uliko?

Kwa hiyo nilichelewesha. Nilimwambia Feza mbao bado ina unyevu. Nikamwambia msasa mzuri umeadimika sokoni. Mwishowe walikuja wote wawili, yeye na mama yake, wakakaa hapa barazani. Nikawaeleza yote, panga, rangi, mchanga, yule mkubwa aliyecheka. Nilieleza vizuri, nadhani. Mama Feza alikuwa anachambua mboga za watu wa nyumba yangu huku ananisikiliza, na nilipomaliza akasema, "Mwalimu, umeeleza muzuri, lakini mimi njo nilikuwa pale mulangoni. Ile mukubwa alipitisha kidole kwenye shingo ya gita, akatafuta nyuzi, hakuzipata. Njo akacheka."

Na Feza akamalizia, "Unaona? Hakuiacha sababu ya ubaya. Aliiacha sababu ilikuwa bubu. Na mimi nitaipiga, Papa Mwalimu, hata ikiwa na kichwa ya jembe. Watanisikia tu."

Nimekuwa mwalimu maisha yangu yote, nimewafundisha watu kutenganisha sababu na kile kilichotokea karibu na sababu. Na jambo hili sikuwahi kulipima. Miaka hiyo mibaya hukupiga hata sauti moja, ulikaa kimya mpaka silaha ziliponyamaza, na sisi sote tukaishukuru rangi. Sijui kama na wewe ulijua. Labda ulijua, ukaona ni afadhali kuamini rangi kuliko kukubali kwamba kilichokuokoa ni kuacha kupiga.

Hilo halikuniondolea hofu. Liliiongeza. Kama ubaya wa kichwa si ngao, basi Feza hana ngao yoyote, na mimi sina kisingizio. Mama yake akainuka, akanikabidhi msumeno wangu mwenyewe. "Kata, Mwalimu. Kuogopa tutaogopa wote pamoja."

Basi nikaanza. Nikueleze kazi ilivyo, maana najua ungetaka kujua, na mimi nikieleza moyo unatulia kidogo.

Rangi niliikwangua kwa kipande cha kioo, si kwa moto, kwa sababu moto ungeilegeza gundi ya zamani ya shingo. Chini ya rangi mbao ilikuwa njano na imejaa makovu ya panga. Nikasawazisha pande zote mbili kwa randa, nikachonga mabawa mawili ya mbao ngumu ya muvula ya kurudishia upana, nikapaka gundi, nikafunga, nikangoja. Nilipofungua, bawa moja likabaki mkononi mwangu, safi, kama halijawahi kuguswa na gundi. Nikalinusa. Ngongo, lilinukia mawese. Yale mafuta uliyoongezea rangi yalikuwa yameingia ndani ya mbao na kukaa humo muda wote huo, na gundi haishiki penye mafuta, kama vile maji hayashiki kwenye jani la magimbi. Nilikaa chini nikacheka peke yangu, halafu nikagundua sicheki.

Dawa yake ni uvumilivu. Unachukua udongo mweupe, ule wanaojipaka watu ngomani, unaukanda na petroli, unaubandika juu ya mbao. Petroli inayaita mafuta yatoke, udongo unayanywa. Ukikauka unauondoa, umegeuka njano, unabandika mwingine. Nilirudia mpaka udongo ukatoka mweupe kama ulivyoingia. Ndipo nikatia gundi upya, na ndiyo hii inayokauka sasa. Umbo amelichora Feza mwenyewe kwa chaki juu ya meza yangu: refu, limeinama kidogo upande wa chini, kama mtu anayesikiliza. Si lile la kiwandani. Nilimwuliza kwa nini asirudishe la zamani, akasema la zamani hakuwahi kuliona.

Naendelea siku nyingine. Nimefungua mipira, mabawa yameshika. Nimechonga, nimepitisha msasa wa kukwaruza na kisha ule laini, nimetoboa matundu sita ya funguo, nne za zamani na mbili za kununua. Vanishi imenisumbua. Mvua ilikuwa inajikusanya juu ya mto, hewa nzito, na tabaka la kwanza likafunga ukungu mweupe kama jicho la mzee mwenye mtoto wa jicho. Ikabidi niliondoe lote na kungoja jua. Sikupaka rangi yoyote. Mbao ya zamani inaonekana katikati, muvula unaonekana pembeni, na kovu moja la panga nimeliacha kwa sababu lilikwenda chini mno. Ningelifuata ningebaki na kichwa chembamba kama kijiko.

Leo tumetia nyuzi. Watu wengi hawajui kwamba nyuzi sita zikikazwa zinavuta kichwa kwa nguvu kama mtu mzima amening'inia hapo. Hutegemei matumaini, unakaza moja kidogo, unangoja, unakaza ya upande wa pili. Feza alikaza, mimi nikaweka sikio kwenye mbao. Katika uzi wa tano nikasikia mlio mdogo, tik. Nikamwambia aache. Tukangoja bila kupumua. Hakuna kilichotokea. Inawezekana ni kidaraja cha mfupa cha kubebea nyuzi, kimejikalisha mahali pake, inawezekana ni gundi. Sijui. Nimekagua kwa miwani na bila miwani, sioni ufa. Lakini nimeusikia, na tangu hapo bado nausikia.

Kisha akapiga, bila kutia kwenye spika, sauti ya mbao tu. Alipiga kwa nyuzi zote sita, na bado alikuwa anaziruka mbili, zile ulizokuwa huna. Hakujua kama anafanya hivyo. Mama Feza alikuwa anatoa maji kwenye pipa, akasimama na kikombe mkononi, maji yakawa yanamwagika. Wakati huohuo lori likapita barabarani, limejaa askari, wanatazama pande zote. Feza hakukatisha. Mmoja wao akatikisa kichwa kwa mdundo, lori likaenda. Ndiyo hayo tu. Lakini jasho lilinitoka kama nimelima.

Lilipotoweka nikamwambia kwa sauti ya darasani, "Feza, siku ukisikia risasi, njiani au jukwaani, acha gitaa ulipo, ukimbie. Umenielewa?"

Akacheka. "Na weye, Papa Mwalimu, utaacha vitabu yako?"

Ni binti yako kabisa.

Matanga yako tunayamaliza Jumapili, uani kwako, kuku watafungiwa. Mama Feza ameagiza wali na samaki, na wazee wa karakana waliobaki wamesema watakuja. Feza atapiga. Mimi nitakaa mbele, karibu na kichwa cha gitaa, nitalitegea sikio lile bawa, kwa hiyo unisamehe nisipousikiliza muziki wenyewe. Akienda Lokandu nitaingia naye kwenye mtumbwi. Amesema mimi ni mzee, nitawachelewesha. Nimemwambia ndiyo, nitawachelewesha.

Lala, Ngongo. Hatuna la kukuficha, tunaogopa, na gitaa limeshika kwa sasa. Hili moja nakuahidi, mimi niliyekaa nalo mezani siku zote hizi mpaka nikazifahamu nyuzinyuzi zote za mbao yake: siku ile tunayoiogopa ikifika, na mikono yangu ikatosha kubeba kimoja tu, nitamshika binti yako mkono, na gitaa nitaliacha pale lilipo. Kichwa nitachonga kingine.

Ndugu yako,
Mwalimu