Bawaba kwenye sufuria ya uji

Shoga, leo jungu kuu limekosa ukoko, limekutwa na rangi ya bawaba!

Unakumbuka nilimkataza mjomba kuchoma bawaba za milango ili kutoa rangi, kwamba moshi wa rangi ya zamani ni sumu? Nikamwambia, "Zichemshe tu kwenye sufuria kuukuu, rangi itabanduka yenyewe."

Kuukuu, shoga! Akachukua ya bibi. Ile ya uji wa mwanangu!

Nimekuta kaisuuza tu kairudisha jikoni, chembe za rangi bado ukingoni, na uji wa bibi unatokota humo, mtoto ameshika kikombe anangoja. Nimeumwaga wote uani, mbele ya wageni.

Bibi: "Unamwaga chakula?"

Mjomba: "Si wewe uliyesema kuukuu? Umeniaibisha, niombe radhi."

Nilisema kuukuu, sikusema ya kupikia. Radhi siombi. Siombi!