Uso wa Baba

Jumatatu, 4 Agosti. Kitale.

Picha za pasipoti tangu asubuhi. Wanafunzi wa chuo, na wote wanataka watoke weupe. Mmoja ameingia na "Niaje msanii, niongezee rangi kidogo, nikae mtu wa Nairobi." Nimempiga vile alivyo. Ameondoka amenuna.

Mama amepiga simu kutoka nyumbani Myanga. Jumamosi ni shukrani ya miaka hamsini ya ndoa yao. Hataki zawadi. Anataka picha moja ya kutundika sebuleni, yeye na Baba, sura zote mbili zionekane.

Inasikika kama kazi ndogo. Si ndogo. Mama ni mweupe, Baba ni mweusi tii. Kamera ukiipimia mwanga wa Mama, Baba anabaki meno na kola. Ukimpimia Baba, Mama anaungua anakuwa karatasi. Picha yao ya harusi iko hivyo hivyo: bibi harusi, na suti pembeni yake. Wageni huuliza kwa utani bwana harusi alikuwa ameenda wapi. Baba amesikia utani huo maisha yake yote.

Amekubali kupigwa, lakini amesema hii ndiyo ya mwisho. Akitoka giza tena, tungoje tumpige akiwa kwenye jeneza, huko hatabisha. Mama amenieleza akicheka. Mimi sijacheka.

Jumatano, 6 Agosti

Wateja wachache. Nimemwita Chebet, anayeuza mitumba mlango wa pili. Rangi yake ni ya Baba kabisa. Mimi nimefuata Mama. Kwa hiyo tumekuwa mzee na mkewe mchana kutwa.

Flashi ya usoni: ovyo. Paji la Chebet limeng'aa kama limepakwa mafuta ya kupikia, mashavu yamepotea. Watu hudhani mtu mweusi anahitaji kumwagiwa mwanga mwingi. La. Anahitaji mwanga wa ubavuni, mpana, mpole, uteleze juu ya shavu.

Kisha dirisha. Chebet karibu na kioo, mimi nimekaa ndani zaidi, upande wa ukuta. Mwanga wa dirisha huisha upesi ukiingia chumbani, hatua chache tu umepungua sana. Basi mweusi apewe mwingi, mweupe apewe wa kubaki. Tumetoka wote wawili, hadi kope za Chebet zinaonekana.

Nimefurahi kupita kiasi. Chebet amesema nimekuwa kichaa, na anataka nakala.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimempigia kaka yangu Wafula, yeye ndiye anasimamia shughuli. Nimemwomba mambo mawili. Tenti iwe nyeupe. Picha ya wazee ipigwe asubuhi, kabla ya ibada. Amesema ndiyo, ndiyo, usijali. Wafula akikubali haraka, ujue hajasikia.

Jumamosi, 9 Agosti. Myanga.

Siku mbaya.

Tenti ni nyekundu. Nyekundu! Jua likipita kwenye kile kitambaa, watu wote wanageuka nyanya. Nimemuuliza Wafula. "Si tenti ni tenti, bana? Hii ndio ilikuwa inapendeza." Nilitaka kumpiga na miguu ya kamera.

Asubuhi haikupatikana. Wageni, chai, kwaya kufanya mazoezi. Ibada imerefuka, kila ukoo umesalimia. Keki imekatwa jua likiwa utosini. Hapo ndipo mchungaji akawashika wazee mikono, akawatoa nje na kuwasimamisha katikati ya uwanja, "pale kwenye mwanga mzuri". Mama na gauni jeupe. Baba na suti nyeusi na kofia. Nimeanza kusema twende kivulini, shangazi akaniambia nisimsumbue mtumishi wa Mungu. Hapa mimi ni binti wa nyumba, si fundi.

Nimepiga. Nilijua hata kabla sijaitazama. Chini ya kofia, macho ya Baba yalikuwa mashimo mawili.

Jioni nikafanya upumbavu. Nimefungua kompyuta, nikauvuta uso wa Baba kutoka gizani hadi ukaonekana. Ukawa wa kijivu. Nikauongezea rangi. Nikampelekea, wageni wakiwa bado wanakunywa chai.

Ameitazama sana. "Huyu ni nani? Huyu ni ndugu ya mama yako."

Watu wakaanguka kicheko. Yeye hakucheka. Amevua koti, amekwenda chumbani.

Nina aibu. Watoto wa chuo nawakatalia, halafu nampaka rangi baba yangu mzazi.

Jumapili, 10 Agosti

Mvua nyepesi. Baba ameniambia nipitishe chumvi. Hayo tu.

Nimekaa sebuleni nikitazama mwanga, kwa mazoea. Mlango wa mbele ndio dirisha kubwa la nyumba hii. Mawingu yakiwapo, unaingia mwanga mzuri kuliko wowote ninaoweza kuutengeneza Kitale. Na nyumba imepangwa kinyume kabisa. Kigoda cha Mama kiko mlangoni, anapochagulia maharagwe. Kiti cha Baba kiko kona ya ndani, mgongo ukutani, ili amwone kila anayeingia. Mweupe mwangani, mweusi gizani.

Na kiti kile hakisogezwi. Hakikaliwi na mwingine. Tukiwa watoto tulikizunguka. Mama hukifuta vumbi, lakini sijawahi kumwona amekikalia. Binti hawezi kumwambia baba yake aondoke kitini. Nimemwomba Wafula aseme yeye. "Ati nimwambie mzee nini?"

Jikoni nimemweleza Mama yote, jinsi Baba angepaswa kuwa mlangoni na yeye ndani. Ameendelea kusonga ugali.

Kesho narudi Kitale. Nimeshindwa.

Jumatatu, 11 Agosti. Kitale, jioni.

Niandike kabla sijaanza kuipamba.

Asubuhi nilikuwa nafunga mizigo sebuleni. Kamera shingoni kwa sababu begi lilikuwa halijaonekana. Mawingu, mlango wazi. Mama akaingia kutoka jikoni, leso kiunoni, akipangusa mikono. Akaenda moja kwa moja kwenye kile kiti. Akakaa.

Nikaacha kufunga mizigo.

Baba akaingia kutoka kwa ng'ombe, amevaa gambuti. Akasimama. Akamtazama Mama. Akanitazama mimi. Nilidhani nyumba itapasuka.

Mama akasema, "Keti hapo mlangoni, Baba Wafula. Leo mimi ndio nakaa gizani."

Nikahesabu makosa yangu yote. Kisha Baba akavua kofia, akaishika, hakujua aiweke wapi, akaiweka sakafuni. Akakaa kwenye kigoda. Ni kifupi mno kwake, magoti yakamfika kifuani. Akageuza kichwa amtazame mkewe kule ndani, na kicheko kikamtoka kama kikohozi.

Nilikuwa nimeshapiga magoti kwenye ukuta wa pili. Mwanga ulimpanda shavuni, ukazunguka pua, ukamwingia machoni. Ukimfika Mama umeshachoka, unamtosha. Nikapiga. Nikapiga tena.

"Haya, toka," Baba akamwambia Mama.

Mama akainuka, bila haraka yoyote. Nampenda huyu mwanamke.

Jumamosi, 23 Agosti

Nilichapisha picha bila kugusa rangi ya mtu. Fremu ya mbao. Wafula alikuja Kitale juzi kutafuta vipuri, nikampa aipeleke. Toka hapo kimya. Sikupiga simu. Niliogopa.

Leo Mama amepiga. Baba aliuliza kwanza kama nimempaka rangi. Mama akamwambia hapana, ni mwanga wa mlangoni tu. Baba akaishika mapajani kwa muda mrefu. Akaitundika mwenyewe.

Asubuhi hii wamekuja majirani wanaochukua maziwa. Baba ameitoa picha msumarini, akaibeba hadi nje, ati sebuleni hawataiona vizuri. Amesimama nao uani akiwaonyesha shavu lake kwa kidole.

Mama anasema chai ya Baba imepoa mezani.